Diski ya mgongo haitelezi: kuhusu diski, ligamenti na viungo vya pingili

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, na kazi yangu ni kupakia matenga ya machungwa kwenye malori huko Muheza, mkoani Tanga. Kwa miezi miwili sasa kiuno kinaniuma, na maumivu yanashuka kwenye tako la kulia, ubavuni mwa paja na muundi, hadi juu ya wayo karibu na kidole gumba. Nimepiga picha ya MRI. Ripoti inasema kwamba diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imetokeza nyuma upande wa kulia, ligamenti ya manjano imenenepa, na viungo vidogo vya nyuma vimeanza kulika. Mzee mmoja wa mtaani kwetu anayekanda watu ameniambia kuwa diski imeteleza, na kwamba atairudisha mahali pake kwa kunikanyaga mgongo. Je, ni kweli diski huteleza na kurudishwa? Hayo yaliyoandikwa ni magonjwa matatu au ni moja? Na je, nitaweza kurudi kazini?

Jibu

Marahaba, na pole kwa maumivu. Diski, yaani ule mto wa nyuzi ulio kati ya pingili na pingili (mifupa ya uti wa mgongo), haitelezi, na kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Neno hilo limeenea mno, hata sisi watumishi wa afya tunalitamka, nalo limewafanya watu wengi waamini kwamba mgongo wao ni rundo la visahani ambavyo vinaweza kuchomoka wakati wowote.

Ukitaka kuiona diski kwa macho yako, pita buchani uombe kipande cha mkia wa ng'ombe, ule wa kupikia supu, na umwombe muuzaji apitishe kisu kwenye maungio badala ya kupasua mfupa kwa shoka. Kisu kikipita vizuri utaona duara jeupe lenye pete nyingi zilizozungukana, na katikati yake ute mzito unaong'aa. Sasa jaribu kuibandua sehemu hiyo nyeupe kutoka kwenye mfupa kwa kucha. Haibanduki. Hata ukitumia ncha ya kisu, nyuzi zake hubaki zimeng'ang'ania mfupa, kwa sababu zile za nje zimezama ndani ya mfupa wenyewe, na zile za ndani zimeshikamana na bamba jembamba la gegedu, yaani mfupa laini, linalofunika uso wa pingili juu na chini. Diski yako imejengwa vivyo hivyo.

Binadamu ana diski 23. Hakuna diski kati ya fuvu na pingili ya kwanza ya shingo, wala kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Zinaanza chini ya pingili ya pili na kuishia kati ya pingili ya tano ya kiuno na sakramu, ule mfupa mpana ulio nyuma ya nyonga. Pete ya nje ya kila diski ina matabaka yapatayo 15 hadi 25 ya nyuzi za kolajeni, protini imara ya mwili. Katika kila tabaka nyuzi zimelala mshazari, kiasi cha digrii 30 kutoka usawa wa diski, na tabaka linalofuata linalala mshazari wa upande wa pili. Mpangilio huo una nguvu kubwa dhidi ya uzito unaotoka juu, lakini unapojipinda kiuno, nusu ya matabaka hukazika na nusu nyingine hulegea, kwa hiyo nusu tu ya nyuzi ndiyo inayofanya kazi. Hapo ndipo mtu anayeinama, akanyanyua tenga na kujigeuza kwa mkupuo mmoja anapoiumiza pete.

Ndani ya pete kuna kiini, na katika ujana sehemu kubwa ya kiini hicho, hadi asilimia 80 au zaidi, ni maji. Maji hayo yanashikiliwa na molekuli ziitwazo proteoglikani, ambazo huyavuta na kuyang'ang'ania hata diski inapobanwa. Mchana kutwa uzito wa mwili huyakamua kidogo kidogo, na usiku ukilala yanarudi, ndiyo maana mtu mzima huwa mfupi jioni kuliko asubuhi kwa sentimita 1 hadi 2. Nalisema hili kwa sababu ya kazi yako: wapakiaji wengi huanza alfajiri, wakati diski imejaa maji na pete imekazika, na kuinama sana katika saa ya kwanza baada ya kuamka huipa pete mkazo mkubwa kuliko kuinama vilevile mchana.

Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake, isipokuwa kidogo kwenye ukingo wa nje. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mfupa kupitia lile bamba la gegedu, na kwa sababu hiyo pete iliyochanika hupona taratibu sana, kwa miezi, wala haikimbiziki kwa dawa. Neva za maumivu nazo zimefika kwenye theluthi ya nje tu ya pete, kwa hiyo diski inaweza kuanza kuchakaa kwa ndani kwa miaka mingi bila mwenyewe kusikia chochote. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, kati ya watu wa miaka 40 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, kama nusu walikuwa na diski zilizovimba kwenye picha. Picha yako ina maana kwa sababu tu inalingana na mahali unapoumia.

Na kweli inalingana. Nyuma ya diski, ukutani mwa mfereji wa uti, inapita ligamenti ndefu ya nyuma, yaani mshipi wa nyuzi unaofunga pingili na pingili kutoka shingoni hadi kwenye sakramu. Shingoni ni mpana. Kiunoni unakuwa mwembamba, ukiziba vizuri katikati na kuacha pembeni pakiwa dhaifu. Mbele ya pingili ipo ligamenti nyingine ndefu, pana na yenye nguvu zaidi, ndiyo maana ni nadra diski kumletea mtu tabu kwa mbele. Basi pete inapodhoofika na kiini kikasukuma, njia rahisi ni ya nyuma-pembeni, na hapohapo ndipo mzizi wa neva unapopita. Kwenye diski yako, mzizi wa neva ya nne umeshatoka nje kwa juu. Unaoguswa ni mzizi wa tano, unaoteremka nyuma ya diski kuelekea tundu lake la chini. Neva hiyo ndiyo inayopeleka hisia ubavuni mwa muundi na juu ya wayo hadi kidole gumba, kama ulivyoeleza mwenyewe bila kuisoma popote. Ugwe mgongo wenyewe, ule mkanda mkuu wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo, huishia juu zaidi, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa hiyo haukuguswa.

Uhusiano huu wa diski na neva tunauona wa kawaida leo, lakini ulikubalika baada ya mwaka 1934 tu, pale madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walipochapisha maelezo ya wagonjwa waliowapasua. Kabla yao, vipande kama hivyo vikikutwa kwenye mfereji wa uti vilidhaniwa mara nyingi kuwa ni uvimbe wa gegedu.

Sasa nije kwenye swali lako la magonjwa matatu. Kila pingili hukalia pingili ya chini yake kwa mafiga matatu: diski mbele, na viungo viwili vidogo nyuma, kimoja kulia na kimoja kushoto. Viungo hivyo ni viungo kamili kama goti, vina gegedu, kifuko na ute wa kulainisha. Kiunoni nyuso zake zimesimama wima na kutazamana kwa pembeni, kwa hiyo zinaruhusu kuinama na kunyooka lakini zinazuia kujipinda, kiasi kwamba kila pingili ya kiuno hugeuka digrii 1 hadi 3 tu kila upande. Figa moja likididimia, chungu huinamia na uzito huhamia kwenye mengine. Diski inapopoteza maji na kimo, viungo vya nyuma hubanana, hubeba mzigo ambao si wao, na gegedu lake hulika. Ligamenti ya manjano, inayounganisha matao ya pingili kwa nyuma, ina takribani asilimia 80 ya elastini, protini inayonyumbuka kama mpira, ndiyo inayoipa rangi hiyo. Ukiivuta kwa kibano katika chumba cha anatomia hunyumbuka na kurudi, jambo ambalo ligamenti nyingine nyingi hazifanyi. Kwa kawaida imekazwa kidogo muda wote ili isikunjamane kuelekea kwenye neva. Pingili zikisogeleana, mkazo huo hupungua, ligamenti hujikunja kwa ndani, na kadiri miaka inavyokwenda elastini hupungua na kovu huongezeka. Kwa hiyo ripoti yako inaeleza hadithi moja katika sentensi tatu.

Kuhusu kukanyagwa, naomba usikubali. Mguu wa mtu mgongoni unabonyeza miiba ya pingili na viungo vya nyuma. Haufiki kwenye diski kwa namna ya kuisukuma irudi, na shinikizo linaweza kuzidisha kile kinachotokeza. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu ambaye hajapimwa, kwa sababu kifua kikuu cha mifupa huweza kuanza kwa maumivu ya mgongo tu, na pingili iliyoliwa na ugonjwa huo inaweza kuvunjika. Kukandwa misuli kwa mikono, taratibu, ni jambo jingine na sina ugomvi nalo. Kinachopunguza uvimbe wa diski kwa hakika ni mwili wenyewe: seli za kinga huvamia kipande kilichotokeza na kukimeza, na kwa wagonjwa wengi maumivu ya mguu hupungua sana ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache, huku wakiendelea kutembea na kufanya mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii.

Kazini utaweza kurudi, kwa awamu. Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo vya kifaa kilichowekwa ndani ya diski ya nne ya kiuno, hiyohiyo inayokusumbua, ya mtu aliyejitolea. Akiwa amesimama, shinikizo lilikuwa megapaskali (kipimo cha shinikizo) 0.5. Aliponyanyua kilo 20 kwa kukunja mgongo lilifika 2.3, kwa kukunja magoti, 1.7; na mzigo huohuo ukiwa umekumbatiwa kifuani, 1.1. Tofauti kubwa inatokana na umbali wa mzigo kutoka mwilini, kwa hiyo livute tenga hadi likuguse tumbo kabla ya kulinyanyua, na unapogeukia lori geuza nyayo, usigeuze kiuno.

Kabla ya yote fanya kipimo kimoja leo. Keti, nyoosha miguu, vuta vidole gumba vyote viwili kuelekea kwako, kisha mwenzako avisukume chini kwa vidole vyake. Kama cha kulia kinashindwa ilhali cha kushoto kinahimili, au ukishindwa kutembea kwa kisigino cha kulia, neva imeanza kudhoofika na unapaswa kumwona daktari wa mifupa au wa upasuaji wa neva wiki hiihii. Ukipata ganzi sehemu za siri na eneo unalokalia, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila wewe kujua, nenda hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.