Taa ya Gadi Chini ya Magunia

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Ni hazina gani uliyoipata katika duka la vitu vya kale, na ulijuaje kuwa ni hazina?" Yangu ni taa ya reli, na niliijua kwa herufi nne.

Duka liko hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, katika jengo la zamani lenye veranda lililojengwa na Wahindi. Ndani unapita kwa ubavu. Kuna vichwa vya cherehani, pasi za mkaa, mizani ya shaba, redio za mbao, na masanduku ya bati yaliyopandana hadi darini. Hajji, mwenye duka, hapangi kitu. Kinachoingia leo hulalia kilichoingia jana, kwa hiyo mimi huanzia chini, na tochi mkononi. Vya juu vimeshaonwa na kila mtu.

Jumamosi moja nilisogeza magunia matupu nikagusa bati la mviringo lenye mpini. Nikalivuta. Lilikuwa jeusi kwa moshi na vumbi, lakini mbele lilikuwa na jicho la kioo kinene, zima kabisa. Nilipofuta ubavuni kwa kitambaa zikatokea herufi zilizogongwa kwenye bati: E.A.R. & H.

Mimi nimezaliwa kota za reli. Baba alikuwa gadi wa treni za mizigo, yule anayempa dereva ishara kwa taa, na herufi hizo zilikuwa kwenye blanketi letu, kwenye vijiko, hata kwenye ndoo ya maji. Ni East African Railways and Harbours, shirika lililoanza 1948. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli, na mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, reli yetu ikabaki ya Uganda peke yake. Kwa hiyo taa yenye herufi hizo haihitaji kuandikwa tarehe: ni ya kati ya 1948 na 1969. Ingekuwa na K.U.R., yaani Kenya and Uganda Railway, reli ya kabla ya 1948, ingekuwa ya zamani zaidi. Wawindaji wa vitu vya kale hukimbilia kung'arisha. Mimi nasema someni kwanza, maana ukisugua sana unafuta herufi zenyewe.

Sikuuliza bei. Niliuliza, "Hajji, hii ilikuwa ya nani?"

Akaacha hesabu zake akaishika. "Mwalimu, hii nilinunua kwa watoto wa mzee mmoja aliyekuwa stesheni ya mji wa Kumi. Walikuwa wanahamia Mbale, wakauza vyombo vyote vya nyumbani. Mtu wa skrapu alikuwa ameshaiweka kwenye mizani. Nikamwongezea kidogo akaiacha."

Maneno hayo yaliniuma hadi leo. Njia ya reli kutoka Tororo, inayopita Kumi, ilifika Soroti 1929, na kwa miaka mingi usiku wa njia hiyo ulitegemea taa kama hii mkononi mwa mtu mmoja. Halafu inakuja kupimwa kwa kilo pamoja na mabati ya paa. Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta vitu 39 vya kale vilivyotoka Uganda kwenye jumba letu la makumbusho Kampala, nami nilifurahi kweli. Lakini vilivyobaki hapa nyumbani vinayeyushwa kila wiki, na hakuna anayevililia.

Hajji alitaka elfu arobaini na tano, tukakubaliana thelathini na tano.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu reli, ndiye aliyenionyesha inavyofanya kazi. Alidondosha mafuta ya taa kwenye kutu, akangoja tukinywa chai, kisha akashika kofia ya juu akaizungusha taratibu. Ndani kuna silinda yenye vioo vya rangi inayozunguka utambi. Ukigeuza, jicho linakuwa jekundu, geuza tena, kijani, tena, jeupe. Mwali hauhitaji kuzimwa wala kuguswa. Alipoona kijani kikiwaka aliinyanyua juu ya kichwa, akaipeperusha polepole, na kwa muda hakusema neno. Baba yangu alirudisha taa yake stoo siku aliyostaafu, kama kanuni ilivyotaka. Sidai kuwa hii ndiyo ile. Lakini nilijua mkono wa baba ulikuwa unafanya nini usiku.

Kwa wanaopenda sarafu, Hajji ana kopo la Kimbo lililojaa senti za kikoloni zenye tundu, zile wazee walizokuwa wakizitunga kwenye kamba. Tafuteni senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Mfalme huyo hakumaliza hata mwaka mmoja kwenye kiti, na Uingereza kwenyewe pesa zake hazikutolewa kwa matumizi ya watu, lakini zetu za Afrika Mashariki zilitoka. Hata hivyo si adimu, kwa hiyo msikubali kuuziwa kwa bei ya ng'ombe. Na shilingi zenye picha ya simba za kabla ya 1948, robo yake ni madini ya fedha halisi. Hizo msizipeleke kwa mfua vyuma.

Cherehani sijui sana, ila nimejifunza kuwa namba ya Singer ikianza na E na herufi nyingine, kiwanda ni Clydebank, Uskoti.

Taa sasa inaning'inia kwenye msumari sebuleni. Nilimwomba Hajji anirudie maelezo yake polepole, nikayaandika kwa kalamu ya risasi: Kumi, nyumba ya mzee wa stesheni, watoto walihamia Mbale, iliokolewa kwenye mizani. Karatasi nimeikunja nikaiweka ndani ya taa, chini, mahali pa tangi la mafuta.