Jibu: Je, Kutoka 20:5 inapingana na Ezekieli 18:20?

Ndugu, umeuliza kwa nini Mungu apatilize uovu wa baba kwa wana hadi kizazi cha nne, ilhali Ezekieli asema mwana hatauchukua uovu wa babaye. Usikomee "kizazi cha nne". Aya hiyo ya Kutoka inaendelea: "wanichukiao", yaani wanaomchukia Mungu, na aya ya 6 yaleta rehema kwa maelfu elfu. Pima mwenyewe: vizazi vinne, kisha maelfu!

Halafu soma Ezekieli 18:14-17 polepole. Mwana anayaona maovu ya baba, hayatendi, anaishi. Kora, aliyempinga Musa jangwani, aliangamia kwa uasi wake, lakini Hesabu 26:11 yasema wanawe hawakufa. Zaburi ya 42 ina jina lao. Wanaofundisha laana ya ukoo isiyokatika huiruka aya hiyo ya Hesabu, na wanawaumiza watu bure.