Ukienda Hell's Gate, anza na korongo

Wanaoniuliza habari za mbuga ya Hell's Gate, kule Naivasha, karibu wote huanza na bei ya kukodi baiskeli. Mimi huwauliza kwanza watafika langoni saa ngapi, maana saa ndiyo inayoamua mengine yote. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukiingia mapema utaendesha kwenye baridi, wanyama wakiwa bado wametanda uwandani, na utafika korongoni kabla ya jua kali. Ukiingia saa tano utapambana na jua na upepo, na zamu ya korongo itakukuta saa nane au tisa mchana. Hizo ndizo saa ambazo mawingu ya Bonde la Ufa hupenda kujikusanya, na singependa mtu wangu yeyote awe mle ndani wakati huo.

Korongo lenyewe, Ol Njorowa, ni kazi ya maji. Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko hili tunalolijua. Lilifurika upande wa kusini, na maji yakajichimbia njia kwenye majivu na miamba laini ya volkano. Ziwa likashuka, njia ikabaki. Leo unashuka kwa mikono na miguu hadi chini, unapita kati ya kuta zilizolainishwa na mikondo ya kale, na mahali pengine ukinyoosha mikono unazigusa zote mbili. Kuna sehemu maji ya moto huchuruzika kutoka ukutani na kuacha michirizi ya kijani na kahawia. Usikimbilie kuyashika: mengine ni vuguvugu, mengine yanaunguza.

Chini ni mchanga mkavu, na huo ukavu ndio unaowadanganya watu. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya mbali, maji huifuata njia yao ile ile ya zamani, na humo ndani hutaiona mvua hiyo wala hutaisikia. Mwezi wa Aprili 2012 maji yaliwakuta humo vijana waliokuja na kundi la kanisa, wakafa. Septemba 2019 yalichukua watu tena. Iangalie vizuri hiyo miezi miwili. Aprili ni masika na kila mtu anajua mvua ipo, lakini Septemba wengi wetu tunaihesabu kuwa salama. Kwa hiyo usiitegemee kalenda. Tazama anga ya pande zote, si ya juu ya kichwa chako tu. Waulize askari wa wanyamapori asubuhi hiyo hiyo ni sehemu gani zimefunguliwa, na wakisema leo hapaingiliki, usitafute mtu wa kukupitisha njia ya pembeni.

Chukua kiongozi, hata kama umewahi kufika. Vijana wa Kimaasai wanaongoza watu pale juu ya korongo, wameyajua mawe yale tangu utotoni. Patana bei kabla hamjashuka. Kisha, kabla ya picha na hadithi, mwombe akuonyeshe njia za kutokea: iko wapi ya kwanza, na kutoka hapo hadi ya pili ni mwendo gani. Kiongozi mzuri hatakuona mwoga kwa kuuliza. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, maana mawe yenye maji yanateleza vibaya, na mikono yote miwili iwe huru. Chakula usikiache wazi pale mnapopumzikia. Tumbili wa pale hawana aibu hata kidogo.

Sasa baiskeli. Kutoka barabara kuu hadi lango la Elsa ni kama kilomita mbili, na kutoka langoni hadi korongoni ni takriban nane. Kwenda ni raha, barabara inashuka kidogo kidogo. Kurudi ndiko kunakoleta malalamiko: unapanda, upepo uko usoni, na miguu imeshachoka kwa kupanda mawe. Weka akiba ya nguvu na ya maji kwa ajili ya hizo kilomita kumi za kurudi.

Baiskeli za kukodi ziko nyingi pale njia panda, na hazifanani. Usikubali ya kwanza unayosukumiwa. Ikamate breki ya mbele, isukume mbele: gurudumu likizunguka, irudishe. Inua nyuma, zungusha pedali, badilisha gia zote, sikiliza kama mnyororo unaruka. Zungusha kila gurudumu ukitazama rimu kwa karibu. Ikiyumbayumba na kugusa breki, hiyo itakuchosha njia nzima. Halafu kiti. Karibu kila mtu namwona anaendesha akiwa amekikalia chini mno, magoti yakipanda hadi kifuani. Kipandishe mpaka mguu ukiwa chini kabisa kwenye pedali uwe umebaki na mkunjo mdogo tu wa goti. Fundi ana spana, mwombe, ni kazi ya dakika moja. Omba na pampu na tyubu ya ziada, kwa sababu miiba ipo na ndani hakuna wa kukuzibia pancha.

Barabara ya katikati ndiyo nzuri kuliko zote kwa anayeanza. Karibu na lango unakutana na nguzo ya mwamba iliyopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huku 1883. Ni mabaki ya volkano: mwamba uliogandia ndani, ganda la nje likaliwa na mvua na upepo. Pimbi wanaota jua juu yake, na ukitulia unaweza kumwona tai mweusi akizunguka kando ya majabali, maana pimbi ndio kitoweo chake. Pundamilia, swala, kongoni na ngiri utawapita kwa karibu. Kuwa ndani ya mbuga bila kioo cha gari kati yako na twiga ni jambo ambalo ningependa kila mtoto wa Kenya alipate japo mara moja.

Mwenye mapafu na mapaja ajaribu Buffalo Circuit, njia ya kama kilomita 14 inayopanda upande wa vilima. Huko juu unauona mlima wa volkano wa Longonot wote na mvuke wa Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa 1981, miaka mitatu kabla ya mbuga kutangazwa. Ila vumbi la majivu ni jingi, tairi linazama, na kuna mahali utashuka usukume. Na jina la njia lina sababu. Nyati akiwa kundini kwenye uwazi ni rahisi kumwepuka. Dume pweke ndani ya vichaka vya leleshwa ndiye wa kuogopa. Msiende chini ya watu wawili, zungumzeni kwa sauti kwenye vichaka, na mkimwona simameni, rudini taratibu.

Kwa wakimbiaji, kumbuka uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Mombasa au Dar ajipe siku moja ya kutembea kwanza, halafu akimbie mwendo ambao bado anaweza kuongea. Mimi hupenda barabara ya katikati asubuhi na mapema, kwenda na kurudi, pamoja na wenzangu. Ukikaribia wanyama, punguza, tembea uwapite, kisha endelea. Kwenye vichaka vya Buffalo Circuit sikimbii kabisa. Na usijaribiwe kukimbia kando ya ziwa kabla hapajapambazuka. Viboko hutoka usiku kula majani, na alfajiri ndipo wanaporudi majini. Ukisimama kati ya kiboko na maji umejiweka pabaya mno.

Kama huna gari, panda matatu hadi Naivasha mjini, kisha za kwenda Kongoni zitakushusha njia panda. Kiingilio hulipwa kwa simu au kadi, si kwa pesa taslimu, basi ingia na chaji. Anayetoka mbali ni heri alale: kambi za Naiberta na Ol Dubai ziko ndani ya mbuga, na ukiamka umeshafika.

Ukibaki na siku ya pili, ipeleke Longonot, lakini usizibane zote mbili katika siku moja. Kuzunguka ukingo wa kreta ni kilomita saba na ushee, bila kuhesabu kupanda na kushuka, na Kilele Ngamia, ndipo juu kabisa, kina mita 2,776. Hakuna maji juu. Beba lita tatu kwa kila mtu, na mzunguke ukingo mapema, kabla upepo wa adhuhuri haujaanza kuwarushia vumbi machoni.