Kabla ya kukariri aller, tafuta wazazi wake

Ukianza Kifaransa, kitenzi aller, yaani kwenda, hakikawii kukuchosha. Je vais (naenda), nous allons (tunaenda), j'irai (nitakwenda): eti kitenzi kimoja! Walimu wengi husema ndivyo kilivyo, kariri. Mimi jamaa zangu wanaoanza huwaambia waulize kwanza kimetoka wapi, maana hapo mna vitenzi vitatu vya Kilatini vilivyohamia nyumba moja.

Vais, vas, va na vont ni watoto wa vadere, kwenda. Irai na irais wametoka kwa ire, nacho pia kwenda. Waliobaki, allons, allez, allais na aller chenyewe, kwa kawaida hurudishwa kwa ambulare, yaani kutembea, japo wataalamu bado wanabishana jinsi neno refu vile lilivyokonda hivi.

Tatizo la ire lilikuwa ufupi. Eo, is, it (naenda, unaenda, anaenda): maumbo kama haya humezwa upesi mdomoni, basi watu wakaazima maneno yenye mwili zaidi. Waitaliano nao husema vado (naenda) lakini andiamo (tunaenda), na Wahispania husema voy (naenda) ingawa kitenzi chao ni ir.

Irai ndilo umbo ninalolipenda kuliko yote. Ni ire pamoja na habere, "kuwa na", kana kwamba msemaji anasema ana safari mbele yake. Ndiyo maana viambishi -ai, -as, -a vinafanana na j'ai, tu as, il a. Likishakuingia hilo, viishio vya wakati ujao wa kila kitenzi umevipata. Wala sisi si wageni wa mambo haya: -ta- ya "nitakwenda" ni mabaki ya -taka, na bado huonekana nzima katika "atakayekwenda".

Kwa hiyo chora safu tatu daftarini, kila umbo chini ya mzazi wake. Kwa vitenzi vingine, ingia tovuti ya CNRTL, yenye kamusi za Kifaransa, ni bure, ubonyeze palipoandikwa Étymologie, yaani asili ya neno. Maelezo yamejaa vifupisho. Mistari ya mwanzo inatosha. Ila jihadhari na hadithi tamu za mitandaoni. Ile ya travailler (kufanya kazi) kutoka tripalium, chombo cha mateso, husimuliwa kama jambo lililokwisha, kumbe wapo wanaisimu wanaoipinga.

Ukimaliza hapo, nenda être, yaani kuwa. Suis (mimi ni) na été (umbo lake la wakati uliopita) si wa mama mmoja: huyu wa pili ametoka kwa stare, kusimama.