Re: Maji taka yaliyosafishwa, dawa zinaonekanaje?
Mkuu umeuliza maji taka yakishasafishwa yakawa meupe kabisa, inakuwaje maabara bado inakuta dawa ndani. Iko hivi, mitambo mingi ilijengwa kuondoa uchafu wa kawaida, sio dawa, ndo maana kitu kama karbamazepini, ile ya kifafa, inapita karibu yote mpaka mtoni na inaniuma sana kuona watu wanadhani maji yakiwa meupe basi yamepona. Kiasi chenyewe ni nanogramu kwa lita, yaani gramu 1 igawe vipande bilioni 1, kimoja ndo hicho. Kwa hiyo wanapitisha maji labda nusu lita taratibu kwenye katriji ndogo yenye unga unaonasa kemikali, wanazitoa kwa methanoli kidogo, halafu zinaenda kwenye kromatografia ya kimiminika (mashine inayotenganisha kemikali moja moja) iliyounganishwa na spektrometa ya masi (inayozitambua kwa uzito wa molekuli zake). Ila mi naona wengi wanaharibu kwenye kuchota. Chupa moja ya asubuhi haitoshi, chota kidogo kidogo masaa 24 uchanganye. Na kama unatafuta PFAS, zile kemikali zenye florini zisizooza, epuka kifuniko chenye tefloni maana kinaweza kuachia hizohizo, tumia chupa ya plastiki aina ya polipropilini.