Yai lilistahimili baridi, kifaranga akashindwa

SWALI: Ndugu Mhariri, umeme ulikatika usiku wa siku ya 18, na mashine yangu ya kutotoleshea ikakaa bila joto kwa muda wa saa 3 hivi. Nilikwisha kukata tamaa, lakini mayai mengi yalitotoa. Wiki hiyohiyo bruda, yaani kifaa cha kuwapasha vifaranga joto, ilizimika usiku, na asubuhi nikakuta vifaranga wa siku mbili wamelundikana pembeni, wengi wamekufa. Iweje aliyemo ndani ya yai avumilie baridi, naye aliyekwisha kupata manyoya ashindwe? – Msomaji, Lushoto

JIBU: Ndugu msomaji, yai lilinusurika kwa sababu halikupambana na baridi. Kwa sehemu kubwa ya siku 21 za kuatamiwa, kiinitete cha kuku, yaani kifaranga anayekua ndani ya yai, hakiwezi kulidhibiti joto lake, bali hufuata joto la mahali kilipo, kama afanyavyo mjusi. Yai likipoa, moyo hupunguza mapigo, matumizi ya oksijeni hushuka, na ukuaji hupungua mpaka joto lirejee. Ndiyo sababu mtetea anayeatamia huweza kutoka kwenda kula na kunywa bila mayai kuharibika. Kinachotisha zaidi ni joto kuzidi: mashine huwekwa kwenye nyuzi 37.5 hadi 37.8 za Selsiasi, na nyuzi chache juu ya hapo huua upesi kuliko nyuzi hizohizo chini yake.

Tena, kufikia siku ya 18 kiinitete ni kikubwa, nacho hutoa joto kiasi cha kulifanya yai liwe na joto kuliko hewa inayolizunguka, jambo lililoyasaidia mayai yako yasipoe haraka. Hata hivyo, kutoa joto si kulidhibiti. Baridi ikiongezeka, kiinitete hakiwezi kuongeza moto wake kwa kiasi cha maana, kwa kuwa oksijeni inayopenya katika vitundu vya ganda ina kikomo.

Mabadiliko huanza kifaranga anapotoboa chumba cha hewa ndani ya yai, karibu na siku ya 19 au 20, akaanza kupumua kwa mapafu. Homoni za tezi iliyo shingoni huongezeka wakati huo, na baada ya kuanguliwa mwili hukataa kupoa: kifaranga hutetemesha misuli, hasa ya miguu, ili apate joto. Ndege hawana yale mafuta ya kahawia yanayompasha joto mtoto mchanga wa binadamu, hivyo kutetemeka ndiyo tegemeo lao kubwa. Lakini mwili mdogo hupoteza joto upesi, manyoya yake laini hayazuii vya kutosha, na akiba yake ni mabaki ya kiini cha yai tumboni. Akishindwa, miguu hulegea, hata hawezi kukifikia chakula. Kulundikana nako ni njia ya kutafuta joto, ila wa chini hukosa hewa. Huenda baadhi ya wako walikufa hivyo, si kwa baridi yenyewe.

Ukifuga njiwa utaona njia nyingine. Kinda lake huanguliwa likiwa na vinyoya vichache tu, macho yamefumba, na kwa siku za mwanzo hupoa mzazi akiondoka, karibu kama yai. Mimi sioni kuwa huo ni upungufu: chakula ambacho kifaranga wa kuku hukiunguza kwa kutetemeka, kinda la njiwa hukitumia kukua, maadamu baba na mama hupokezana kulifunika.

Wako hawana wa kuwafunika. Wape nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, zipimwe kwenye kimo cha migongo yao, kisha upunguze nyuzi 3 hivi kila wiki. Watazame wao zaidi ya kipimajoto: wakijikusanya chini ya taa wanaona baridi, wakiikimbia huku wakitweta wamezidiwa na joto. Ukitumia jiko la mkaa, acha tundu la kutolea hewa chafu. Na kwa baridi ya Lushoto, usiiondoe bruda kabla manyoya ya kudumu hayajawafunika mgongoni, hata wiki ya nne ikiwa imekwisha.