Vipimo kumi ndani ya robo eka moja si marudio kumi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya kilimo, mwaka wa pili, mkoani Morogoro. Kwa ajili ya mradi wangu nilipewa eka moja ya mahindi nikaigawa robo robo: ya kwanza bila mbolea, ya pili samadi, ya tatu DAP na urea (mbolea za dukani), ya nne samadi pamoja na nusu ya mbolea ya dukani. Wakati wa kuvuna nilipima vipande 10 ndani ya kila robo, kwa hiyo nina vipimo 40. Kwenye kompyuta tofauti imetoka kubwa sana. Msimamizi ameikataa kazi, anasema sina marudio. Mbona ninayo kumi? Na je, kazi yangu imepotea? Shamba lina mteremko kidogo kuelekea mtoni.

Jibu: Marahaba mwanangu. Msimamizi wako yuko sahihi, na nasikitika kwamba hakuna aliyekueleza jambo hili kabla hujapanda, maana jasho lote lilikuwa mbele yako.

Marudio huhesabiwa kwa mara ulizoweka mbolea, wala si kwa mara ulizopima mavuno. Samadi uliimwaga mara moja, mahali pamoja. Vipande 10 ulivyopima humo vinakueleza vizuri robo ile ilizaa kiasi gani, lakini havina njia ya kukueleza kama iliyozalisha ni samadi au ni udongo wa robo ile. Ukipika sufuria moja ya mchele wa Kyela na moja ya mchele wa Kahama, kisha ukaonja vijiko kumi kila moja, umejua ladha ya sufuria zile mbili. Kama moja iliungua kidogo, vijiko kumi vyote vitakuwa na harufu ya moto, na utausingizia mchele. Kompyuta haijui vipimo vyako 40 vimetoka wapi. Ilidhani una digrii za uhuru 36, yaani taarifa huru 36, za kupimia kosa (tofauti isiyotokana na mbolea), kumbe huna hata moja.

Pengine utasema shamba lako ni la aina moja, halina tofauti. Mwaka 1911, Mercer na Hall wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walichapisha matokeo ya eka moja ya ngano iliyolimwa sawasawa kila mahali, bila tofauti ya mbolea wala mbegu. Waliivuna kwa vipande vidogo 500 na kupima kila kimoja peke yake. Kipande kilichozaa kuliko vyote kilitoa karibu mara mbili ya kilichozaa kidogo kabisa. Ngano ile ile, mkulima yule yule, eka moja.

Kwetu hali ni kali zaidi. Tuna vichuguu, ambavyo udongo wake mara nyingi una rutuba kuliko wa pembeni. Tuna vipande vya mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, vinavyoanza ghafla katikati ya shamba. Nilipoanza kazi tulisifia mbegu moja ya mahindi msimu mzima kwa jinsi ilivyostawi kwenye kona ya shamba. Siku ya kuvuna, mzee mwenye shamba akatuambia, kwa upole tu, kwamba kona ile lilikuwa zizi la ng'ombe la marehemu baba yake. Tangu siku hiyo sichori ramani ya jaribio kabla ya kuketi na mwenye shamba na kumuuliza: hapa palikuwa na nini, maji hupita wapi, wapi mahindi huwahi kunyauka? Kwako kuna mteremko na mto. Robo iliyo chini hupata unyevu zaidi na udongo ulioshushwa na mvua. Hukuniambia ni ipi, na jibu la jaribio lako lote limefungwa humo.

Usione aibu. Watafiti Lawes na Gilbert walipoanzisha jaribio la ngano la Broadbalk hapo hapo Rothamsted mwaka 1843, waliweka kila mbolea kwenye ukanda mmoja mrefu, bila kurudia. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliajiriwa kituoni hapo mwaka 1919 kuchambua takwimu zilizorundikana kwa miaka mingi, na katika kazi hiyo ndipo alipojenga kanuni tunazofundisha hadi leo: rudia, panga kwa vitalu (makundi ya vipande vyenye udongo unaofanana), gawa kwa kura. Hata baada ya hapo watu wameendelea kuteleza. Mwaka 1984 Stuart Hurlbert, mwanaikolojia wa Marekani, alipitia tafiti zilizokwisha kuchapishwa akakuta karibu nusu ya zile zilizotumia takwimu kupima tofauti zina kosa hili hili lako. Ndiye aliyelipa jina. Kwa Kiswahili tunaweza kuliita marudio bandia.

Sasa tufanye inavyotakiwa. Wanafunzi wengi hudhani marudio yanadai ardhi kubwa, lakini hebu tupige hesabu. Chukua ploti ya mistari 5 yenye urefu wa mita 5, mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 25, mmea mmoja kila shimo. Hiyo ni mita za mraba 18.75 na mimea 100. Mbinu zako nne zikirudiwa mara tano ni ploti 20. Ukiacha njia ya mita 1 kati ya ploti na mita 1.5 kati ya vitalu, utatumia mita 18 kwa 31, yaani mita za mraba 558. Robo yako moja peke yake ni kama 1,000. Jaribio zima linaingia ndani yake na nafasi inabaki.

Kitalu ni kundi la ploti nne, kila mbinu mara moja, zilizo kwenye udongo unaofanana kadiri inavyowezekana. Kwa kuwa shamba lako linateremka, kila kitalu kilale kwa kukata mteremko, ili ploti zake nne ziwe usawa mmoja, na vitalu vifuatane kutoka juu hadi mtoni. Hapo tofauti ya juu na chini inaangukia kati ya vitalu, na uchambuzi utaitenga isichanganyike na mbolea. Weka tuta dogo kwenye kila njia, la sivyo mvua ya kwanza itaibeba urea ya juu kuipeleka kwa wa chini. Ndani ya kila kitalu, andika mbinu kwenye vikaratasi vinne, vikunje, vitie kwenye kofia, mtu mwingine avute. Kitalu kinachofuata, anza kura upya. Usinakili mpangilio wa kwanza, na usisogeze ploti ya samadi kwa sababu umeona mahali pazuri.

Kwa nini vitalu vitano? Digrii za uhuru za kosa ni mbinu kutoa moja, mara vitalu kutoa moja. Kwa vitalu vinne ni 3 mara 3, yaani 9. Kwa vitano zinakuwa 12, na wengi wetu tunapenda zisishuke chini ya hapo.

Mbolea pima kwa mizani. Kizibo cha soda kinamfaa mkulima, lakini kwenye jaribio kipime kwanza uone kinabeba gramu ngapi. Ukitaka kilo 60 za naitrojeni kwa hekta kutoka kwenye urea, yenye asilimia 46, unahitaji kilo 130 za urea kwa hekta. Kwa ploti yako ni gramu 245. Ukichanganya na DAP, toa kwanza naitrojeni iliyomo, asilimia 18. Samadi ya tani 5 kwa hekta ni kilo 9.4 kwa ploti. Peleka sampuli yake maabara, kwa sababu samadi ya zizi lisilo na paa na ya zizi lililoezekwa hazilingani.

Mavuno uyachukue mistari mitatu ya kati tu, ukiacha mmea mmoja kila mwisho wa mstari. Mimea ya pembeni hupata mwanga wa ziada na huiba mbolea ya jirani. Eneo unalovuna linabaki 0.75 mara 3 mara 4.5, yaani mita za mraba 10.125, na hilo ndilo la kugawia, si 18.75. Tuseme umepata kilo 4.2 za punje zenye unyevu wa asilimia 20. Zirudishe kwenye asilimia 13: 4.2 mara 80 gawa kwa 87 ni kilo 3.86, sawa na kilo 3,814 kwa hekta. Usiporekebisha unyevu utaandika 4,148, na hayo ni magunia zaidi ya matatu ya maji.

Kuhusu data ya mwaka huu: usiitupe, na tafadhali usiibadilishe jina ipite. Ondoa jedwali la takwimu na alama zinazodai kwamba tofauti ni ya uhakika. Chukua wastani wa kila robo, chora ramani ya shamba inayoonyesha mteremko, mto na robo ipi ilikuwa wapi, kisha iandike kama matokeo ya shamba la mfano, ukisema wazi kwamba kila mbinu iliwekwa mara moja na athari ya mbolea haiwezi kutenganishwa na ya mahali. Mpelekee msimamizi ikiwa hivyo, pamoja na ramani ya vitalu vitano vya msimu ujao. Kama chuo hakitakupa tena shamba, omba wakulima watano wa kijiji kimoja, kila mmoja akupe nafasi ya ploti nne. Kura ipigwe kwa kila mkulima, na kila mkulima atahesabika kitalu kimoja.